Misukule wa mgodini: The Plague of the Zombies (1966)

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nawaletea muvi ya zamani ambayo mimi naipenda mno na huku kwetu watu wengi hawaijui kabisa, inaitwa The Plague of the Zombies, ya mwaka 1966, wameitoa Hammer, wale Waingereza wa muvi za Dracula, dairekta John Gilling.

Stori iko hivi. Kuna kijiji cha wachimbaji huko Cornwall, ile pembe ya kusini magharibi ya Uingereza ambako bati limechimbwa kweli kweli miaka mingi, na hapa tuko karne ya 19. Watu wanakufa mfululizo, daktari wa kijiji ni kijana, haelewi wanakufa na nini na wenyeji hawataki maiti zao zipasuliwe, basi anamwita mwalimu wake wa zamani, Sir James. Usiku wanaenda makaburini wanafukua, wanafungua jeneza, tupu. Hamna mtu.

Wewe uliyekulia kwetu hapo ushajua. Misukule! Tena msukule yule yule wetu, siyo zombi wa siku hizi wa kukimbiza watu na kung'ata. Tajiri wa kijiji, Squire Hamilton, aliishi Haiti akarudi na uchawi, anaua watu kwa vidoli na damu yao wenyewe halafu anawafufua wakamchimbie bati, hawadai mshahara, hawagomi, wakizubaa wanachapwa viboko. Bibi yangu alikuwa anasema kijana akifa ghafla usiwahi kulia, huenda saa hizi yuko shamba la mtu analima. Ile sini ya mgodini ilinirudishia sauti yake kabisa.

Na Haiti zombi ndivyo alivyoanza, kwa watu waliotumikishwa utumwani kwenye mashamba ya miwa, kitu walichokiogopa ni kwamba hata ukifa kuna mtu atakuamsha uendelee na kazi. Muvi imelishika hilo vizuri sana.

Sasa makaburini. Alice, mke wa daktari, amezikwa, anafumbua macho ndani ya jeneza, ngozi imekuwa ya kijivu, anatabasamu, anakuja taratibu kwa Sir James, na mzee anachukua sepetu anamkata kichwa. Mumewe anazimia, na kwenye ndoto yake kila kitu kinakuwa kijani, udongo unajiinua, unatoka mkono, unatoka mwingine, sura zimekauka kama tope lililopasuka kiangazi, macho meupe. Na hii ni miaka 2 kabla ya Night of the Living Dead, ile muvi ya Marekani iliyowapa umaarufu zombi wa siku hizi, jamani.

André Morell kama Sir James yuko vizuri mno, ila anayenitisha mimi ni John Carson, huyo squire, mpole, sauti tamu, anamvunjia binti wa watu glasi makusudi amkate kidole apate damu yake, na huku anamwomba samahani.

Kinachoniuma ni wale wapiga ngoma weusi kwenye sini za uchawi wa squire, wamewekwa pale wapige ngoma tu, hawana jina wala stori, wakati uchungu wote wa hii habari ni wa kwao.

Mimi naipa 8 kwa 10. Tafuteni kopi iliyosafishwa, zile za kukwaruza zinaua ule ukijani wa ndoto, na muiangalie usiku taa zimezimwa.