REAPER kwenye laptopu ya GB 4: miezi kumi na moja ya kumiksi singeli Mikindani

REAPER ni programu ya kompyuta ya kurekodi na kumiksi muziki. Laptopu yangu ninayoiendeshea ni mtumba, i5 ya zamani, RAM GB 4, betri yake imekufa kiasi kwamba ukichomoa waya inazima palepale. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi wanaosifia programu za muziki wanatumia mashine ambazo mimi naziona kwenye picha tu. Kama yako inafanana na yangu, tuko pamoja.

Mimi napiga muziki kwenye shughuli, harusi na vigodoro, Mikindani na Mtwara mjini, mara mojamoja mpaka Mingoyo. Nilikuwa na hamu ya kitu kimoja tu: singeli iliyobeba ngoma za kwetu, zilizopigwa na mkono wa mtu. Mjomba wangu anapiga sindimba tangu mimi sijazaliwa. Sasa kwa nini nikashushe mtandaoni ngoma iliyorekodiwa Ulaya?

Nilianza vibaya. Fundi mmoja wa stendi aliniwekea FL Studio, programu ya kutengeneza biti, ya wizi kwa elfu kumi, na wiki haijaisha mashine ikawa inafungua matangazo ya kubeti yenyewe. Nikafuta kila kitu, picha za harusi ya dada yangu zikaenda na maji. Nikashusha FL ya majaribio kutoka kwa wenyewe, karibu GB moja, bando likalia. Niseme ukweli wangu: kwa kutengeneza biti, sijaona programu inayokwenda haraka kama ile. Unabofya vidude vyake vya kupanga mapigo, dakika kumi biti inatembea, na ukinunua leseni unapata matoleo mapya bila kulipa tena. Ila ile ya majaribio inakuruhusu kuhifadhi kazi, kuifungua tena ndiyo hairuhusu mpaka ulipie. Wameandika wazi. Mimi sikusoma, nikalala nikiwa na biti, nikaamka sina.

Kisha LMMS, ya bure kabisa. Hapa nilijiaibisha. Nilimwita mjomba kutoka Naliendele, akaja kwa bodaboda na ngoma mapajani, nikampikia chai na mihogo. Nikaweka maikrofoni, nikaanza kutafuta kitufe cha kurekodi. Toleo nililokuwa nalo halirekodi sauti ya nje hata kidogo. Nilitafuta nusu saa nzima huku nikijifanya najua ninachofanya. Mjomba akamaliza mihogo, akafunga ngoma yake kwenye kitenge, akasema, "Mpwa wangu, siku nyingine uniite mashine ikiwa imeshaamka."

REAPER niliikuta baada ya hapo. Faili la kushusha la Windows halifiki MB 20. Wimbo wa video wa WhatsApp unaweza kuwa mzito kuliko hiyo. Inatengenezwa na kampuni inayoitwa Cockos, ya Justin Frankel, yule yule aliyetengeneza Winamp tuliyokuwa tunasikilizia MP3 zamani. Unapewa siku 60 za kuijaribu, na hakuna kilichofungwa ndani. Zikiisha inaendelea kufanya kazi, ila kila ukiifungua inakukumbusha ulipe, kwa upole kama mwenye duka anayekufahamu. Leseni ya bei nafuu ni dola 60, kwa anayeitumia binafsi au ambaye biashara yake haizidishi mapato ya dola 20,000 kwa mwaka. Dola elfu ishirini, kwa vigodoro vya Mtwara! Nilicheka peke yangu. Zilipotoka fedha za mnada wa korosho za nyumbani nikalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Dhamiri ilikuwa inanisuta.

Ubaya wake sasa. Sura yake ni ya kijivu, imejaa menyu, utadhani umefungua programu ya mhasibu wa chama cha ushirika. Na ndani hakuna sauti za maana. Hukuti kiki hata moja (nasema kiki ya ngoma, lile pigo zito la chini, ile ya wasanii kutafuta umaarufu mimi simo), hukuti piano, hukuti pigo la makofi. Ni nyumba ya kuta na milango, vyombo uje navyo. Mimi nilichukua Vital na Surge XT, sinta za bure zote mbili, yaani programu za kuzalisha sauti za vinanda. Vital inaielemea mashine yangu, kwa hiyo nikishapanga mistari yake naigandisha: REAPER inaigeuza kuwa sauti ya kawaida, na processa inapumua. Bila hicho kitu ningekuwa nimesharudi kwenye kuchoma nyimbo kwenye flashi.

Kwenye kumiksi ndipo hela yangu ilipojilipa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu masomo mengi ya kumiksi muziki wa elektroniki yamelengwa kwa muziki wa hausi wa BPM (mapigo kwa dakika) 120 na kitu. Singeli inakwenda 200 mpaka 300. Hesabu ni rahisi: gawa 60,000 kwa BPM, unapata muda wa pigo moja kwa milisekunde. Kwenye 120 una 500. Kwenye 240 una 250 tu. Kiki yangu ya kwanza ilikuwa na mkia wa milisekunde 400, maana yake kabla haijamaliza kulia nyingine imeshagonga juu yake. Miezi miwili nililaumu spika, nikalaumu hedifoni, nikalaumu hata nyaya. Siku nilipokuza mawimbi kwenye skrini nikaona kiki zimelaliana kama abiria wa daladala ya jioni. Nikaikata mkia ikabaki 150. Besi ikapata pa kukaa.

Mwangwi nao ni hivyo hivyo. Mwangwi wa sekunde mbili unaopendeza kwenye bongofleva, kwenye 240 unafunika mapigo manane. Mimi siku hizi naweka mfupi, na chini yake naukata wote kuanzia hertz 300 kushuka.

Besi kuipisha kiki nilijifunza kwa ReaComp, kompresa (kifaa cha kubana sauti) inayokuja na programu. Unavuta waya, wa kwenye skrini, kutoka traki ya kiki, unaupeleka kwenye chaneli ya 3 na ya 4 ya traki ya besi, kisha unaiambia kompresa isikilize hizo badala ya besi yenyewe. Kiki ikigonga, besi inainama. Kwenye FL hii ni rahisi zaidi, sibishi. Ila kwa kuvuta nyaya mwenyewe nilielewa kinachotokea. Muda wa kuachia nimeuweka milisekunde 60. Ukiuacha mrefu, besi inakuwa haijainuka na kiki nyingine imefika, unabaki na wimbo usio na tumbo.

Ngoma za mjomba (alikubali kurudi, kwa sharti la samaki) zilikuwa mtihani mwingine. Ngoma kubwa inakaa palepale kiki ilipo. Nilijaribu kuzilazimisha zote mbili zisikike chini, ikatoka uji. Mwisho nikamwachia kiki sehemu ya chini kabisa, ngoma kubwa nikaikata kuanzia hertz 90 kushuka, nikaipandisha kidogo pale ngozi inapolia. Zile ndogo za fimbo sikuzigusa, zinapenya zenyewe kama sindano. Na sikuzinyoosha ziende sawa na mashine. Mjomba anatangulia kidogo kwenye kila pigo la nne, nami nimeacha hivyo hivyo.

Spika za studio sina. Namiksi kwa hedifoni, natoa faili, napanda bajaji ya kwenda mjini, namwomba dereva aniwekee. Kilomita kumi hivi kutoka Mikindani, zinatosha kusikiliza mara tatu. Mmoja aliniambia, "Kaka, besi ipo kwenye kiti, kwenye masikio haipo." Yule ni fundi na hajijui. Kiki yangu ilikuwa yote kwenye hertz 50, mahali ambapo spika ya simu haifiki. Nikaongeza mkwaruzo kidogo kwa plagini ya Saturation iliyomo humo humo ndani, zikazaliwa sauti za juu yake, na sasa hata kwenye simu unaisikia inagonga. Traki zote nazishusha sauti tangu mwanzo, nabakisha nafasi ya desibeli 6 hivi juu, kwa sababu ukianza umejaza huna pa kwenda.

Umeme. Ukikatika, mashine inazima, hakuna kuaga. Ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kuhifadhi nakala yenyewe kila baada ya dakika unazotaka. Mimi nimeweka 3. Faili la kazi ni maandishi matupu, halichelewi kuandikwa. Tangu niweke hivyo sijapoteza zaidi ya mstari mmoja wa besi, na ule wenyewe ulikuwa mbovu.

Kama unaanza leo, hujawahi kutengeneza hata biti moja, na fedha ipo, nunua FL, usipoteze muda na mimi. Toleo la FL linalorekodi sauti ni zaidi ya mara mbili ya bei ya REAPER, ulizia vizuri kabla hujalipa. Kama una watu wa kurekodi, una mashine ya kuombea dua, na una subira ya kusoma, shusha REAPER usiku bando likiwa rahisi. Mimi hata leo biti nyingine naianzishia kwa rafiki yangu mwenye FL pale Magomeni ya Mtwara, natoa kila traki peke yake kwenye flashi, narudi nayo nyumbani kumiksi.

Wimbo wa kwanza mjomba nilimsikilizisha barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mbona ngoma yake inakimbia hivyo na yeye siku ile aliipiga ameketi.