Tahadhari kwa wasukaji wa ukili: duka la zawadi Mji Mkongwe linalochukua kazi kwa mali kauli na kutolipa

Ninaandika tahadhari hii kwa akina mama wa Unguja na Pemba wanaosuka ukili, yaani mikanda ya majani ya miyaa, wanaoshona mikoba, misala, vipepeo vya mkono na makawa ya kufunikia chakula, au wanaodarizi kofia, na ambao huyategemea maduka ya zawadi ya Mji Mkongwe kuwauzia kazi zao kwa sababu wao wenyewe wana watoto wa kulea na hawawezi kushinda mjini. Lipo duka ambalo kwa misimu miwili sasa limekuwa likichukua kazi hizo kwa mali kauli, yaani kwa ahadi kwamba mwenye mali atalipwa ikishauzwa, likaziuza, kisha likawazungusha wenye mali hadi wachoke. Silitaji kwa jina kwa kuwa malalamiko yetu yamekwishafikishwa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa) lilipo, na bado hayajaamuliwa. Lakini namna linavyofanya kazi nitaieleza yote, kwani atakayeitambua namna hiyo ataweza kujikinga, iwe ni kwa duka hili au kwa jingine lolote.

Mambo huanza vizuri. Mwishoni mwa masika, kabla wageni hawajaanza kumiminika mwezi wa Juni, kijana mwenye adabu alifika kijijini kwetu akiwa ameongozana na mtu tunayemfahamu. Alisalimia wazee, akakaa barazani, akaishika mikoba mmoja mmoja na kuisifu kwa maneno ya mtu anayeijua kazi, kisha akanunua michache kwa fedha taslimu bila kuteta bei. Aliporudi mara ya pili alilipa taslimu tena. Mara ya tatu ndipo alipotueleza kwamba duka limepata oda za hoteli, kwamba linahitaji mzigo mkubwa, na kwamba kwa wingi huo haliwezi kulipa mkononi, hivyo tulete kwa mali kauli na kila mwisho wa mwezi tutapokea cha kwetu. Alikuwa na daftari kubwa ambamo kila mmoja wetu aliandikwa jina na idadi ya vitu vyake, na kila mmoja alitia saini. Daftari lile lilibaki kwake. Hakuna aliyepewa hata kipande cha karatasi cha kurudi nacho nyumbani, na alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba sisi sote ni ndugu na daftari liko dukani wakati wowote.

Tangu hapo fedha zilikoma. Mwezi wa kwanza tuliambiwa biashara ni nzito, wa pili kwamba mwenye duka amesafiri kwenda Bara, na baadaye kwamba tusubiri hadi sikukuu ipite. Kila jibu lilitolewa kwa lugha nzuri, na kila mara kulikuwa na tarehe mpya. Naomba msomaji azingatie kwamba mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki sita, na kwamba vichochoro vya Gizenga na Hurumzi ndiyo njia wanayopita wengi wanaotembezwa Mji Mkongwe. Duka lililo katika njia hizo, ambalo rafu zake hujazwa mikoba mipya kila baada ya wiki chache, haliwezi kusema kwa miezi mfululizo kwamba mkoba hata mmoja haujauzika.

Ukweli ulijulikana kwa njia ndogo sana. Mwenzetu mmoja, ambaye ni fundi wa kushona kuliko sisi wote, ana desturi aliyoirithi kwa bibi yake ya kufunga fundo la uzi mwekundu ndani ya mshono, pale shikio linapokutana na mdomo wa mkoba, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Mpwa wake anafanya kazi katika hoteli moja ya ukanda wa mashariki, na siku moja aliuona mkoba wa aina ile katika duka la hotelini ukiwa umewekewa bei ya dola 25. Aliugeuza ndani nje akalikuta fundo. Mkoba huo sisi tulikubaliana na duka shilingi 15,000, na wakati unauzwa hotelini bado tulikuwa tunaambiwa kwamba mzigo wote upo stoo.

Tulipoamua kwenda kwa pamoja kudai ama fedha ama mali, tulirejeshewa mifuko miwili mikubwa iliyofungwa kwa kamba, tukaambiwa hiyo ndiyo mali yetu isiyouzika. Ndani yake kulikuwa na mikoba iliyovunjika mashikio na misala iliyoshika ukungu mweusi, ule usiotoka hata ukianika wiki nzima, kwa sababu iliwekwa sakafuni wakati wa mvua. Mingi iliyosemwa kuwa ni ya mwenzetu yule haikuwa na fundo jekundu, na mingine ilishonwa kwa mashine na haikutoka kijijini kwetu kabisa. Tulipotaka daftari liletwe tulielezwa kwamba duka limepata mmiliki mpya, kwamba huyu wa sasa hana habari ya makubaliano ya zamani, na kwamba yule kijana mwenye adabu hafanyi kazi hapo tena. Hata hivyo wauzaji waliokuwepo walikuwa ni wale wale, na wiki chache baadaye kijana yule alionekana katika kijiji kingine cha Wilaya ya Kusini akinunua mikoba michache kwa fedha taslimu.

Inafaa kueleza kilichomo ndani ya mkoba mmoja, kwa sababu wapo wanaoona kwamba tunalalamikia majani. Miyaa hukatwa ikiwa bado michanga, huanikwa hadi ikauke na kuwa myeupe, huchanwa nyuzi za upana ulio sawa, na ile inayohitaji rangi hutumbukizwa katika sufuria inayochemka na kukorogwa taratibu ili isishike madoa. Baada ya hapo husukwa ukili, pima baada ya pima, na ukili huo ndio unaozungushwa na kushonwa kwa sindano hadi upatikane mkoba. Kwa mama mwenye watoto, kazi hiyo yote hufanyika katika nafasi zinazobakia, yaani baada ya watoto kwenda skuli, wakati chungu kiko jikoni, jioni wakiwa chuo cha Qur'ani, na usiku baada ya mdogo kulala. Mikono husuka huku sikio linasikiliza kisomo cha mtoto na mdomo unamrekebisha. Mkoba uliopotea dukani umekwenda na usiku wa mtu, na pia na fedha ya madaftari na sare ambayo ilikwishapangiwa matumizi.

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu wapaangalie kwa makini, kwa kuwa naamini wanaofanya hila hii wamewachagua akina mama walezi kwa makusudi. Tuseme mama wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, anadai shilingi 60,000. Safari moja ya mjini, akihesabu nauli ya kwenda na kurudi na chakula, inaweza kumla shilingi 8,000, na siku hiyo hatasuka, na mtoto mchanga ama ambebe juani ama amwachie jirani. Akizungushwa mara tatu, shilingi 24,000 za deni hilo zimekwishaliwa na njia. Mama wa Pemba hali yake ni ngumu zaidi, kwani yeye ana nauli ya boti. Mwenye duka anaijua hesabu hiyo vizuri. Hahitaji kukataa deni hata mara moja. Anachohitaji ni kusema njoo wiki ijayo, mpaka kudai kugharimu zaidi ya kinachodaiwa. Madeni ya mmoja mmoja ni madogo, lakini ukijumlisha ya vijiji vitatu au vinne ni mtaji kamili wa duka, ambao haukukopwa benki wala haukulipiwa chochote.

Kuhusu haki yetu, jambo la msingi ni kwamba mali iliyowekwa dukani kwa mali kauli haijauzwa kwa mwenye duka. Ni amana. Inabaki kuwa ya aliyeisuka mpaka mnunuzi ailipie, na ikishalipiwa, sehemu tuliyokubaliana ni yetu. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba umekopesha na sasa usubiri kama wadai wengine, wala usikubali kwamba ukungu na panya wa stoo ni hasara yako wakati aliyekabidhiwa ni mwingine. Tatizo ni ushahidi. Ukienda polisi bila karatasi, yaelekea utaelezwa kwamba hayo ni madai ya kawaida mkayamalize wenyewe, na ukienda kwa sheha bila karatasi itakuwa ni neno lako dhidi ya neno la mwenye duka.

Ndiyo maana nasisitiza kuandikiana. Najua kwamba kwetu kumwomba mtu karatasi huonekana kama kumtuhumu, na kijana yule aliitumia haya yetu hiyo kikamilifu. Atakayekwambia kwamba kuandikiana ni kutoaminiana mkumbushe aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo inawaamrisha Waislamu wanapokopeshana kwa muda maalumu waandike na waweke mashahidi, wala wasichoke kuandika deni liwe dogo au kubwa. Karatasi yenyewe haihitaji wakili. Iandikwe nakala mbili, moja ibaki kwako, na itaje tarehe, aina ya kila kitu na idadi yake, bei yako kwa kila kimoja, fungu la duka, siku ya kulipana, na kwamba kisichouzika kitarudishwa kikiwa kizima au kitalipiwa. Aliyepokea aandike jina lake kamili na namba ya kitambulisho chake, atie saini na agonge muhuri wa duka, na jina la biashara liwe lile lile lililosajiliwa. Usajili unaweza kuulizwa katika ofisi za Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na duka halali huwa na cheti ukutani. Pia piga picha ya mzigo wote kwa simu ukiwa umepangwa mbele ya aliyepokea. Na alama kama ile ya mwenzetu, kila mmoja ajiwekee ya kwake na asimwambie mtu wa dukani ilipo.

Zaidi ya karatasi, mzigo uwe mdogo. Usiache mzigo mpya kabla wa zamani haujalipiwa, hata ukiahidiwa oda ya hoteli gani. Na kama duka liko tayari kununua moja kwa moja, pima vizuri kabla ya kukataa kwa sababu ya bei. Mkoba unaolipiwa shilingi 11,000 leo una faida kubwa zaidi kwa nyumba yenye watoto kuliko ahadi ya 15,000 ambayo itahitaji safari za kuifuata. Wenye kikundi wamtume mmoja wao akakusanye kwa niaba ya wote, nauli yake ichangwe, na awe mtu asiyeona haya kukaa dukani mpaka alipwe.

Zipo hila nyingine mbili zilizowapata wenzetu, nazo nazitaja kwa ufupi. Ya kwanza ni ujumbe wa simu wa kughushi unaoonyesha kwamba umetumiwa fedha. Usikabidhi kitu mpaka umeangalia salio lako mwenyewe, na kamwe usimsomee mtu namba yako ya siri. Ya pili ni mtu anayedai kukupeleka katika maonyesho ya Ulaya au ya Uarabuni, ambaye anataka sampuli za bure na ada ya usajili kwanza. Anayekutafutia soko kwa kweli hukatwa chake katika mauzo, hakuombi fedha kabla hajauza.

Ni haki pia kusema kwamba maduka yenye uaminifu yapo. Mimi mwenyewe nimewahi kuuza kwa bibi mmoja mwenye duka dogo ambaye kila mwisho wa mwezi alikuwa akipiga simu mwenyewe, akasoma kilichouzika, akatuma fedha jioni ile ile, na kilichobaki akakipepeta vumbi na kukining'iniza juu kisiguse ukuta wenye unyevu. Kwa watu kama yeye, ombi la karatasi halikuwa tatizo hata siku moja. Tahadhari yangu isichukuliwe kuwa ni kuwavunjia wao biashara.

Kwa wale ambao hivi sasa wana mali katika duka ninalolieleza, au katika duka lolote lililoanza kuwapa tarehe juu ya tarehe, nashauri waifuate kabla masika hayajaingia mwezi wa Machi, kwa sababu maduka mengi hupunguza kazi au hufunga wakati wa mvua na ukili hauvumilii stoo yenye maji. Nendeni wawili au zaidi, mmoja awe si ndugu yenu ili afae kuwa shahidi. Msipokee mfuko uliofungwa; ufunguliwe pale pale, kila kitu kihesabiwe na kutazamwa alama yake, na kilichopungua kiandikwe na kutiwa saini kabla hamjaondoka. Wakikataa kutia saini, nendeni siku hiyo hiyo kwa sheha wa shehia lilipo duka, si sheha wa nyumbani kwenu, mkiwa na picha na majina ya wenzenu wote wanaodai, ili malalamiko yaandikwe kuwa ni ya kundi.