Kozi ya "Justice" ya Profesa Michael Sandel: wekeni bando muangalie

Hii kozi ya falsafa, inayohusu haki na lipi ni jambo sahihi kutenda, nimeimaliza na nasema wazi, kwa kitu cha bure sijaona mfano wake. Ni vipindi 12 vya karibu saa moja moja, vimerekodiwa darasani kwake Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, vikatolewa 2009 na mpaka leo viko YouTube, wewe gharama yako ni bando tu.

Sandel ni mzaliwa wa Minneapolis, 1953, akasoma vyuo vikuu vya Brandeis halafu Oxford, na tangu 1980 yuko Harvard anasomesha. Ubishi kaanza nao udogoni, maana akiwa bado skuli alimualika Ronald Reagan, wakati huo gavana wa California, aje wabishane mbele ya wanafunzi na Reagan akaja kweli! Kitabu chake cha kwanza, cha 1982, kikaenda kumkabili John Rawls, mkubwa wa falsafa ya siasa pale pale Harvard. Na darasani yuko hivyo hivyo, hakupi notsi za kukariri, anakuuliza, ukijibu anakugeuzia swali mpaka ushike msimamo wako na uutetee.

Kipindi cha kwanza ndio moto. Mwaka 1884 mashua ya Mignonette ya Uingereza ilizama, watu wanne wakabaki kwenye kihori na makopo mawili ya mboga, maji ya kunywa hakuna. Siku zikaenda, kijana wao wa kazi, Richard Parker, miaka 17, akanywa maji ya bahari akaumwa, nahodha Dudley na mwenzake Stephens wakamuua wakamla. Waliporudi wakashtakiwa. Sasa Sandel anauliza, walikosea? Nilikiweka barazani huku Mji wa Kale, kahawa inazunguka, mimi natafsiri, mzee mmoja aliyefanya kazi melini miaka mingi akasema huyo kijana alikuwa amana ya nahodha na amana hailiwi. Mwengine akadakia, je wangepiga kura na ikamwangukia nahodha mwenyewe? Wallahi dakika chache mbele wanafunzi wa Harvard nao wakawa kwenye kura hiyo hiyo, baraza zima likapiga kelele.

Kipindi cha 8 nacho usikiruke, anamfafanua Rawls, kwamba hata bidii yako usijisifie sana kwa sababu nayo imetokana na mambo usiyoyachagua. Mwanafunzi mmoja anakataa, anasema nimefika hapa kwa juhudi zangu. Sandel anasema haya, walio kifungua mimba kwao nyosheni mikono, basi mikono inajaa ukumbi mzima! Halafu anawauliza, kuzaliwa wa kwanza nako ni juhudi yako? Mimi ndio mtoto wa kwanza kwetu na lile swali limenikaa mpaka leo, nikiwatazama wadogo zangu nafikiria ni mangapi nimepata mimi kwa kutangulia tu.

Malalamiko yapo. Kant, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, kwenye kipindi cha 6 ni mzito, itabidi urudie, na mifano mengine ni ya Kimarekani mno, kama ile kesi ya mcheza gofu Casey Martin, mwenye ugonjwa wa mguu, kudai kigari uwanjani, huku kwetu nani anaumia na gofu. Kiingereza chake lakini ni cha taratibu, mwanafunzi wa fomu four anafuata vizuri tu.

Nampa tano kwa tano. Walimu wa sekondari hapa Pwani, wekeeni watoto nusu ya kwanza ya kipindi cha 1, ile ya gari la reli lililokatika breki, utaligeuza limuue mmoja ili watano wapone?, simamisha video kabla hajajibu mtu, kisha waachie wao wabishane.