Kujitolea kwa wanafunzi wa uuguzi Handeni: uzoefu wangu na kampuni iliyoondoka na karatasi za wagonjwa

Nyota moja. Naandika hasira ikiwa haijaniisha, lakini wewe unayefikiria kulipia safari kama hii usiishie hapa, kwa sababu kuna sehemu ya huduma hii ambayo nitaisifu kwa moyo wote.

Kampuni yenyewe huchukua wanafunzi wa uuguzi walioko vyuo vya Ulaya na kuwapeleka kujitolea kwa wiki chache kwenye jamii maskini. Mimi ni Mkenya ninayesomea uuguzi Finland, na kundi letu lilipangiwa Tanzania, wilaya ya Handeni, mkoani Tanga. Bei, ratiba na picha za nyumba ya wageni ziko kwenye tovuti yao, sina haja ya kuzirudia. Langu ni siku ya kambi ya afya, na hasa lile rundo la karatasi lililopanda gari la kampuni jioni na kwenda zake.

Kambi ilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Meza ya kwanza ni jina, umri na uzito. Ya pili presha, ya tatu sukari, ya nne dawa. Kila mgonjwa alikuwa na karatasi yake moja inayojazwa meza hadi meza, ikifika kwenye dawa inabaki hapo, na mgonjwa anaondoka na vidonge tu. Jioni muuguzi mfawidhi wa zahanati, mama mtu mzima aliyekuja na daftari lake la MTUHA, yaani la kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati, akaomba apewe nusu saa anakili majina na vipimo vya waliokutwa na presha. Mratibu wa kampuni akamjibu mbele ya watu waliokuwa bado kwenye foleni: "Sisi tumekuja kusaidia, mambo ya madaftari mtamalizana wenyewe." Halafu akamwambia asogeze kiti chake kwa sababu kinaingia kwenye picha. Mama wa watu akasogeza kiti. Karatasi zikatiwa kwenye faili, faili likatiwa kwenye gari.

Asiye muuguzi anaweza kusema hasira hii ni ya adabu tu. Adabu imo, na pale mama yule hakutendewa haki. Lakini angalia kilichokuwa kwenye karatasi zile.

Presha haipimwi mara moja ikaisha. Mgonjwa anatakiwa akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunjwa, mkono uwe wazi na ushikiliwe usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu. Unapima mara mbili, ukipumzisha dakika moja au mbili katikati. Pale darasani kulikuwa na madawati ya watoto, hayana egemeo, na meza iko juu kuliko dawati. Watu wametembea kwa miguu juani, wamesimama foleni, wanakaa na kuvalishwa mkanda papo hapo juu ya mkono wa gauni. Mengi ya hayo yanaweza kupandisha namba, na yakikutana mtu mzima wa afya anaweza kusoma 150 kwa 95. Kisha kuna mkanda wenyewe. Tuliletewa saizi moja, ule wa mikono yenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mama mnene mwenye mkono wa sentimita 36 ukimvalisha mkanda huo, namba inapanda kuliko hali halisi. Bibi mwembamba mwenye mkono wa sentimita 20, namba inashuka, na presha yake unaipitisha bila kuiona. Futi ya mshonaji ingetosha kujua nani anahitaji mkanda gani. Mashine nazo ni za betri. Betri ikichoka pampu inajaza polepole, mashine inatoa alama ya kosa au inajaza upya katikati ya kupima, na mgonjwa aliyebanwa mkono mara tatu presha yake si ile tena.

Ndiyo maana mtu mwenye 150 kwa 95 siku ya kambi hapewi jina la ugonjwa siku hiyohiyo. Anaandikiwa arudi apimwe siku nyingine, akiwa amepumzika, kwa mkanda unaomtosha. Anayehitaji hatua mara moja ni yule aliyefika 180 kwa 110 au zaidi, tena akiwa na maumivu ya kifua, pumzi kukata, kuona maluweluwe au udhaifu wa upande mmoja. Huyo anapelekwa hospitali ya wilaya kwa gari, na gari lilikuwepo. Sasa niambie, huyo wa 150 kwa 95 atarudi kupimwa wapi? Zahanati. Na zahanati itamjua vipi, ikiwa karatasi yake imekwenda kuwa namba kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni?

Dawa zikafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Wengi walipewa dawa ya kushusha presha, amlodipine ya miligramu 5, vidonge 30, kwenye kibahasha kilichoandikwa "1x1", yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, na si zaidi. Amlodipine ni dawa nzuri, lakini inachukua siku kadhaa kutulia mwilini, na baadhi ya watu huvimba vifundo vya miguu. Mgonjwa ambaye hakuambiwa hilo akiona miguu imevimba anaacha dawa, au anaenda zahanati ambako muuguzi hana habari amemeza nini. Anayevumilia hadi kidonge cha mwisho naye presha yake inarudi ilikotoka, kwa kuwa hakuna aliyempangia pa kuchukua vingine. Wengine walipewa losartan, nayo ya presha, iliyokuja kwenye begi kutoka Finland, na maelezo ndani ya boksi ni ya Kifini na Kiswidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa unasema dawa iwe na lebo kwa lugha ambayo wahudumu wa nchi inayopokea wanaielewa, iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda inapofika, na mpokeaji awe ameiomba. Zahanati haikuiomba losartan na haikuwa nayo kwenye akiba, kwa hiyo hata mgonjwa angerudi, asingepewa. Na losartan inadhuru mtoto aliye tumboni. Katika meza zote nne hapakuwa na swali la hedhi ya mwisho. Mwanamke wa miaka 38 anapita, anapimwa, anapewa, anaondoka, na karatasi yenye jina lake na kitongoji chake, ambayo ingeweza kutumika kumfuata nyumbani, iko ndani ya faili kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Hapo ndipo ninapokasirika upya kila nikikumbuka.

Kwenye sukari sitakaa sana. Vijiti vya kupimia havitakiwi kukaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, na vilisafiri kwenye gari lililoegeshwa juani. Msimu wa maembe kidole kisiponawishwa kwa maji na sabuni kinaweza kusoma sukari ya milimoli 12 kwa lita kwa mtu asiye na kisukari; spiriti nayo iachwe ikauke kabla ya kutoboa. Mashine mbili zilikuwa zinasoma kwa vipimo tofauti, moja kwa miligramu kwa desilita na nyingine kwa milimoli kwa lita, na ukitaka kutoka ya kwanza kwenda ya pili unagawanya kwa 18. Karatasi haikuwa na nafasi ya kuandika kipimo kipi kimetumika wala saa mgonjwa alipokula mara ya mwisho. Milimoli tisa bila chakula ni jambo zito, tisa baada ya ugali na chai ya sukari ni jambo jingine kabisa.

Sasa niseme haki yao. Siku zisizokuwa za kambi tulikaa zahanati, na siku hizo zingeweza kupata nyota nne, labda tano. Gari lilifika kwa wakati, chakula kilikuwa safi, chandarua kilikuwa kizima. Mwanafunzi anayetoka Finland hajawahi kusoma kipimo cha haraka cha malaria, na pale anafundishwa inavyopaswa: damu kidogo, mikrolita tano, kwenye tundu lake, matone ya maji ya kipimo kwenye tundu lake na si kinyume, saa ianze kuhesabiwa, usome kwa dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, 15 au 20, wala usikirudie baadaye kwa kuwa mstari hafifu unaweza kujitokeza ukakudanganya. Dawa mseto inatolewa kwa uzito: kilo 5 hadi 14 kidonge kimoja, 15 hadi 24 viwili, 25 hadi 34 vitatu, 35 na kuendelea vinne, mara mbili kwa siku kwa siku tatu, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza, na mtoto apate kitu chenye mafuta, hata maziwa ya mama. Muuguzi anamwambia mzazi arudie maelezo kwa mdomo wake kabla ya kuondoka. Friji ya chanjo inasomwa asubuhi na jioni, kati ya nyuzi 2 na 8, na namba inaandikwa. Kila kitu pale kinaandikwa. Mzani ukisomwa, unaandikwa kwenye kadi ya mtoto na kwenye daftari, sehemu mbili, ili kadi ikipotea daftari libaki.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya zahanati. Lakini zahanati si ya kampuni. Mwalimu wetu alikuwa muuguzi mfawidhi yuleyule aliyeambiwa asogeze kiti. Mchango wa kampuni kwa zahanati, kadiri nilivyouona kwa macho yangu, ulikuwa glavu saizi kubwa tupu, ambazo zinaning'inia kwenye vidole vya mtu mwenye mkono mdogo na zinaharibu mguso unapotafuta mshipa. Nyota hizo ni za mama yule na wenzake. Kampuni inabaki na yake moja.

Na si kwamba kufanya vizuri ni kazi ngumu. Kambi inaanzia kwa mganga mkuu wa wilaya, kisha mtendaji wa kijiji, kisha zahanati, ambayo ndiyo inapanga siku na kusema dawa gani inazo za kuendelea nazo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaijua kila kaya. Wakae meza ya kwanza, waandike kitongoji na jina la mwenye kaya, maana majina yanafanana mno. Benchi la kupumzikia liwe kabla ya meza ya presha. Karatasi iwe na kaboni chini yake: nakala ya juu kwa mgonjwa, ya chini kwa zahanati, na takwimu za kampuni ziwe hesabu tu, bila majina ya watu. Dawa zitoke kwenye akiba ya zahanati au zile ilizokubali, zitolewe na mhudumu wake mwenye leseni. Mwanafunzi anapima na kufundisha, hatoi dawa peke yake. Aliyepatikana na presha aondoke na tarehe ya kurudi, isiyozidi wiki mbili, na aliyefika 180 kwa 110 aondoke na fomu ya rufaa iliyojazwa. Kaboni si ghali. Nusu saa aliyoiomba yule mama haikuwa na gharama yoyote.

Ukiwa bado unataka kwenda nao, au na kampuni nyingine ya namna hii, kabla ya kulipa waulize nani anabaki na karatasi. Uliza ni mhudumu gani wa zahanati atakayekusimamia, na kama kibali chako cha ukaazi ni cha daraja C, linalowahusu watu wa kujitolea, maana viza ya utalii haikupi ruhusa ya kufanya kazi hii. Uliza pia ukijichoma na sindano mnakwenda wapi. Unaosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kulikamua, na dawa za kinga ya Virusi vya Ukimwi zianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, kwa siku 28. Mratibu wetu alipoulizwa alisema hilo halijawahi kutokea. Boksi la taka kali kwenye meza ya sukari lilikuwa limejaa hadi mdomoni, ilhali linatakiwa kufungwa likifika robo tatu, na visindano vya kutobolea vidole vilikuwa vinachungulia nje.

Nimewaandikia barua pepe kuomba jambo moja tu: karatasi zile zirudishwe Handeni, zikabidhiwe kwa muuguzi mfawidhi mkononi, na nakala zilizobaki kwenye kompyuta zao zifutwe majina. Jibu lililokuja ni la shukrani kwa kujitolea kwangu, pamoja na kiungo cha picha za kambi. Nimeandika tena, safari hii nikaweka na anwani ya posta ya ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Vidonge vya wale watu vilikuwa vya siku 30, na zimekwisha pita.