Milioni tatu kwa maswali mawili

Jina simtaji. Ni wakili, na mimi hela ya kumlipa wakili mwingine anitetee dhidi yake sina. Itoshe kujua kwamba ni mzee wa kesi za jinai hapa Dar, zaidi ya miaka thelathini anatetea watu, na suti yake nyeusi imepauka viwikoni. Makarani wote wanamsalimia kabla hajawasalimia. Nimekaa na hasira hizi tangu mwaka juzi, leo nazitua.

Mdogo wangu alikuwa anatunza stoo ya duka la vitenge Kariakoo. Bosi akahesabu mzigo, akakuta marobota hayatimii, dogo akabebwa. Shtaka: wizi akiwa mtumishi. Dhamana ilikuwepo, ila jina la mdhamini wetu mmoja kwenye barua ya serikali ya mtaa lilipishana herufi moja na kitambulisho cha taifa. Kwa herufi hiyo moja dogo akalala gereza la Keko zaidi ya siku kumi. Hapo ndipo mama akasema tafuteni wakili mtu mzima, siyo hawa watoto.

Mtu mzima tukampata. Milioni tatu, kwa mafungu. Kuanzia siku fungu la kwanza lilipoingia, kila nikimpigia ananong'ona, "Niko mahakamani," anakata. Asubuhi mahakamani, saa kumi na mbili jioni mahakamani.

Miezi ya "shauri limekuja kwa kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine" simlaumu. Hilo kila mwenye ndugu kizimbani analijua. Ninachomlaumu kilianzia ofisini kwake. Nilitegemea amuulize dogo, umeiba au hujaiba? Hakuuliza. Mama alipoanza kuapa kwamba mwanawe hajaiba, akamnyamazisha kwa mkono: "Mama, mimi hilo silihitaji." Halafu akakaa karibu saa nzima anauliza habari za kufuli. Nani anafungua asubuhi, nani anafunga, dogo akipokea mzigo anasaini wapi, siku akiumwa stoo inafunguliwa na nani. Kufuli, kufuli, kufuli! Nikamwambia mzee, andika na hili: bosi huyu hajamlipa mshahara miezi mitatu, kesi yote ni kisasi cha kukwepa deni. Akaweka kalamu chini. "Hilo usilirudie. Humu wala nje."

Sikumwelewa. Siku ya shahidi mkuu nikaenda na karatasi ya daftari yenye maswali kumi na moja, la kwanza likiwa hilo hilo la mshahara. Nikampa mlangoni, akaitia kwenye faili bila kuisoma.

Bosi alitoa ushahidi muda mrefu, kwa madaha, utadhani yuko harusini. Mama pembeni yangu anavuta tasbihi. Zamu yetu ikafika. Mzee akasimama polepole, akafunga kifungo cha koti.

"Kufuli la stoo lina funguo ngapi?"

"Tatu."

"Mmoja anao mshtakiwa. Mbili wanazo akina nani?"

"Mmoja ninao mimi, mwingine anao shemeji yangu."

"Sina swali zaidi, Mheshimiwa."

Akakaa. Basi! Nimeuza pikipiki, mama ametoa pesa ya kikoba, mtu anauliza maswali mawili anakaa! Niligawanya pale pale benchini: milioni moja na nusu kwa swali.

Nikamfuata koridoni. "Mzee, ndiyo nini sasa?" Akaichomoa karatasi yangu, akaweka kidole kwenye swali la kwanza. "Hili ukimuuliza atajibu nini?" Nikasema atakiri kwamba anadaiwa. "Atakiri. Halafu wakili wa Serikali atasimama aseme, huyu kijana kakaa miezi mitatu bila mshahara, na ufunguo anao. Umempa mdogo wako sababu ya kuiba. Mimi nimekuja kumtoa, wewe unataka kumfunga?" Kwa sauti. Watu wakageuka. Akaikunja karatasi, akanitia mfukoni mwa shati, akapigapiga ule mfuko kama anamtuma mtoto dukani. Mbele ya mama yangu.

Kile kipigapiga mpaka leo nakisikia kifuani. Nampa nyota moja kati ya tano.

Sasa niseme na hili, maana si haki kulificha. Upande wa Jamhuri ulipofunga ushahidi wake, hakimu akaamua dogo hana kesi ya kujibu. Hakuna aliyemwona akitoa mzigo, na stoo ina funguo tatu kwenye mikono mitatu. Ushahidi wa mazingira lazima umwelekee mshtakiwa peke yake, usiache mlango kwa mtu mwingine. Nilimsikiliza hakimu mwanzo mwisho nikiwinda kitu ambacho hakikutoka kwenye yale maswali mawili. Sikukiona. Na Kiswahili chake! Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, nimeona mawakili vijana wakibabaika kutafuta neno. Huyu ni mtu wa Tanga, anauliza kama yuko barazani na kahawa mkononi, na shahidi anajibu kabla hajajua ameulizwa nini. Haya, nyota nne.

Lakini siku hiyo ya uamuzi, siku ambayo mama hakulala, mwenyewe hakuja! Alimtuma kijana wake amshikie shauri, na kijana akamgeukia mama: "Samahani, mshtakiwa wetu ni yupi?" Je, uamuzi ungekuwa mwingine, tungemlilia nani? Yule mtoto? Nyota mbili, na hizo za kufuli tu.

Mama hataki hata nimseme. Anasema dogo amelala nyumbani, mengine ni kiburi changu. Huenda. Ila fungu la mwisho, laki tano, hakunipa risiti ya mashine. Jumapili iliyopita, saa nane mchana, nikampigia nimkumbushe. Nyuma yake nasikia vijiko na watoto wanagombania juisi.

"Niko mahakamani," akanong'ona. Akakata.