Jenereta ya nyumbani: ipi ununue, ipi uipite

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Aprili 1, 2024 ikawa zamu ya gridi ya Taifa ya Tanzania. Katizo la namna hii si mgao. Halina ratiba, jirani uliyezoea kumpelekea samaki akugandishie naye yuko gizani, na pampu za kituo cha mafuta nazo zinataka umeme. Kesho yake watu hufurika dukani, na hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kununua jenereta: bei imepanda, muuzaji hana muda wa kukuwashia uione ikifanya kazi, na kwa hofu unabeba kubwa mara mbili ya uliyokuwa unaihitaji.

Ukubwa ndio unaowatia watu hasara. Jenereta kubwa hunywa mafuta mengi hata ikiwa na mzigo mdogo, kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, chukua karatasi uandike vitu ambavyo lazima viwake.

Chukua nyumba ya kawaida: friji ya wati 150, taa nane za LED za wati 9, televisheni na kingamuzi wati 100, ruta wati 15, kompyuta mpakato wati 65, feni mbili za wati 60. Jumla ni kama wati 520. Ila friji ikianza kuzunguka huvuta mara tano hadi saba ya wati zake kwa sekunde moja au mbili. Hapo friji peke yake inafika wati 1,000, na nyumba nzima wati 1,400. Hiyo ndiyo namba ya kununulia. Pasi, birika na heta ya bafuni (wati 3,500 hadi 5,500) viache kabisa nje ya hesabu. Umeme ukikatika, maji yachemke kwenye gesi.

Kinachobadilisha hesabu ni pampu ya maji. Pampu ya nusu hospawa huvuta kama wati 550 ikiwa inazunguka, ya hospawa moja kama wati 1,100, na zote hutaka mara tatu au zaidi wakati wa kuanza. Pampu ya kuzamishwa kwenye kisima kirefu ni mkorofi zaidi. Hiyo fundi wake ndiye akupe namba.

Mwinuko nao una lake. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari. Tanga hutaona tofauti. Mbeya au Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, umeshapoteza karibu moja ya tano, na jenereta iliyobeba pampu vizuri Dar es Salaam itazimika huko.

Sasa kuhusu namba iliyochorwa kwa herufi kubwa ubavuni: hiyo ni ya kilele, inayovumilika kwa muda mfupi tu. Tafuta kibati kidogo chenye neno "rated". Jenereta iliyoandikwa 3000 mara nyingi ni ya wati 2,500 au chini, na hata hizo usizitumie zote. Robo tatu yake inatosha kwa kazi ya saa nyingi.

Huu ndio mpangilio wetu, kuanzia ile tunayoona inawafaa wengi. kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta: kVA 1 ni wati 1,000 au pungufu kidogo.

1. Petroli ya fremu wazi isiyochanganya oili, kVA 2.5 hadi 3.5

Hii ndiyo ya nyumba nyingi zenye friji na pampu ndogo. Injini zake ni za ukoo wa Honda GX160 na GX200, au nakala zake za Kichina zinazoitwa 168F. Ubora wa nakala hizo hutofautiana sana, lakini spea zake zimejaa Kariakoo na hata miji ya wilaya, na fundi wa pikipiki yeyote mwenye akili anaweza kuzifungua. Kwa nusu ya mzigo hunywa lita 1 hadi 1.3 kwa saa. Tangi la lita 15 linakuvusha usiku.

Dai vitu viwili. Kwanza AVR, kifaa kinachoshikilia volti zisipande na kushuka mzigo unapobadilika. Pili koili za shaba tupu. Nyingi za bei ya chini zina alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Hupata moto haraka na huungua pampu inapolazimisha. Stika ya "100% copper" haithibitishi kitu. Afadhali uzito: yenye injini ya 168F na koili za shaba hucheza kwenye kilo 40 hadi 45. Ukiinua mbili za ukubwa mmoja na moja ikawa nyepesi waziwazi, waombe wafungue kifuniko cha nyuma, kisha ukwaruze kidogo ncha ya waya. Ndani ikiwa nyeupe, ni alumini.

Ubaya wake ni kelele. Nyumba za kupanga zilizobanana, majirani watakuvumilia usiku wa kwanza tu.

2. Jenereta ya inveta, kVA 2

Kama huna pampu na pesa inaruhusu, iweke hii juu ya ile ya kwanza. Injini haizunguki kasi moja muda wote. Hupunguza mwendo mzigo ukipungua, na umeme wake hupitishwa kwenye saketi inayoutoa laini, salama kwa kompyuta na televisheni. Honda EU22i ina uzito wa kilo 21 hivi, hutoa wati 1,800 mfululizo, na tangi lake la lita 3.6 hukaa saa 3.2 kwenye mzigo kamili au saa 8 kwenye robo ya mzigo.

Fanya hesabu hapo: mzigo kamili unapata uniti 1.6 kwa lita, robo ya mzigo uniti 1 tu. Petroli ikiwa TSh 3,000, uniti moja inakugharimu kati ya TSh 1,900 na 3,000, wakati kwenye luku mteja wa kawaida hulipa takriban TSh 350. Na hiyo ni moja ya jenereta zenye matumizi mazuri. Asikudanganye mtu kwamba jenereta itamwondolea bili.

Bei yake huzidi mara mbili ya ile ya fremu wazi, na bodi ya inveta ikiungua hairekebishiki kirahisi, hununuliwa nzima. Kwa hiyo nunua kwa wakala mwenye spea.

Tahadhari ya mtumba: mashine nzuri za Yamaha, Honda na Denyo huja kutoka Japani, lakini za soko la kule hutoa volti 100. Ukichomeka friji ya volti 230 humo haitaanza, na kompresa inaweza kuungua. Soma kibati kabla ya kupatana bei. Zilizotoka Marekani ni volti 120 na hezi 60, nazo ziache.

3. Betri na inveta, bila injini

Si jenereta, lakini kwa katizo la saa nne au sita huishinda. Inveta hapa ni kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi. Betri ya lithiamu ya volti 24, Ah (ampea-saa) 100 ina uniti 2.5 hivi, na unaweza kutumia zaidi ya mbili bila kuiumiza. Friji haizunguki muda wote, kwa hiyo ile nyumba yetu ya wati 520 itakaa kama saa tano, na ukizima televisheni na feni moja utafika asubuhi. Betri ya jeli ya volti 12, Ah 200 imeandikwa uniti 2.4, lakini ukizoea kuivuta zaidi ya nusu itakufa mapema, kwa hiyo ihesabu kuwa ya uniti 1.2.

Kwenye boksi la inveta pawe pameandikwa "pure sine wave". Zile za rahisi hufanya feni ivume na mota ya friji ipate moto.

Betri hushindwa umeme usiporudi siku ya pili. Wenye nafasi huchanganya: jenereta ndogo iwashwe mchana kwa muda wa saa tatu, ibebe friji na kuchaji betri kwa pamoja, usiku izimwe. Hapo injini inafanya kazi kwenye mzigo mzuri, kwa lita zilezile unapata uniti nyingi zaidi, na watu wanalala.

4. Dizeli iliyofunikwa, kVA 5 hadi 7

Kwa nyumba yenye kiyoyozi kimoja au viwili, freeza na kisima. Ina uzito unaozidi kilo 150, kwa hiyo itaishi pale utakapoiweka. Ndogo hizi za kupozwa kwa hewa huzunguka mara 3,000 kwa dakika na hazikuundwa kukaa siku nzima mfululizo. Ukitaka ya kufanya kazi kutwa, tafuta ya kupozwa kwa maji inayozunguka 1,500. Lakini hapo umeshaingia kwenye bei na ukubwa wa biashara. Dizeli pia haipendi mzigo mdogo. Ikikaa chini ya asilimia 30 kwa muda mrefu, mafuta yasiyoungua hujikusanya kwenye ekzosi na pistoni, inaanza kutema moshi na oili nyeusi. Ukiinunua kwa ajili ya taa na televisheni, umeiua.

5. Petroli ya fremu wazi, kVA 6 hadi 8

Ndiyo inayouzwa sana siku baada ya katizo, kwa sababu inaonekana kubwa na inawashwa kwa ufunguo. Hunywa lita 2 hadi 3 kwa saa. Saa kumi ni dumu la lita 20 au zaidi, na vituo vingi hukataa kujaza dumu la plastiki. Mwenye mashine ya kuchomelea inamfaa. Wa nyumbani apite.

6. Ile ndogo ya kuchanganya oili, "950"

Licha ya jina, hutoa wati 650 tu. Taa, simu, televisheni, na basi. Friji nyingi huizimisha zinapoanza. Petroli yake huchanganywa na oili maalumu kwa uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 80 kwa lita 4. Ukisahau oili, pistoni hukwama. Ukizidisha, plagi hujaa masizi. Kwa kibanda cha kunyolea nywele ni mkombozi. Kwa nyumba, pesa hiyo ianzie betri.

Ukiwa dukani

Nenda na pasi ya wati 1,500 na maltimita. Bila mzigo, volti ziwe 230 hadi 240. Chomeka pasi: zisishuke chini ya 215, na injini ijitunishe kidogo kisha itulie. Ikiendelea kupanda na kushuka mwendo, gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) au kabureta ina kasoro. Angalia soketi pia, kwani nyingi huja na matundu mawili ya duara, na adapta za barabarani huyeyuka. Risiti iwe ya EFD, na namba ya injini iandikwe kwenye waranti.

Jenereta mpya huuzwa bila oili. Ya ukoo wa 168F hutaka lita 0.6 ya 10W-30. Kihisi cha oili huizuia isiwake ikipungua au ikiinama, na wengi hupeleka kwa fundi mashine ambayo imekosa oili tu.

Kuiunganisha na nyumba

Usitumie kamwe waya wenye plagi pande zote mbili kuingizia umeme kwenye soketi ya ukutani. Umeme huo hutoka hadi kwenye nguzo na kumuua fundi aliyepanda akijua laini imezimwa. Na ukirudi ule wa gridi, jenereta inaungua. Fundi mwenye leseni akufungie chenjiova ya nafasi tatu, yaani swichi ya kuhamisha nyumba kati ya gridi na jenereta, inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Waya wa mm² 2.5 unatosha kwa kVA 2.5, ambayo ni ampea 11. Kwa kVA 5, ampea 22, weka mm² 6. Fremu iungwe kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini.

Mashine ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka dirishani, ekzosi ikielekea mbali na nyumba. Moshi wake una kaboni monoksidi, isiyo na harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Stoo, koridoni na baraza lililofungwa ni ndani, hata mlango ukiachwa wazi. Mvua ikinyesha, ijengee paa lisilo na kuta.

Isikuangushe siku yenyewe

Katika katizo lile la Agosti 2023, sehemu ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ilibaki gizani kwa sababu jenereta yake haikuwaka. Dawa yake nyumbani ni dakika 20 kila mwezi ikiwa na mzigo, friji au pasi, siyo kuiwasha tupu na kuizima.

Oili ya kwanza imwage baada ya saa 20, kisha kila saa 100. Plagi iwe na mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8. Chujio la hewa lioshwe kwa sabuni, likauke, litiwe oili kidogo na kukamuliwa. Ikiwaka lakini haitoi umeme baada ya kukaa muda mrefu, fundi aangalie kwanza brashi za kaboni na AVR. Wakati mwingine rota imepoteza tu usumaku wake, na hurudishwa kwa mguso mfupi wa betri ya volti 12.

Mafuta ndiyo huharibu nyingi. Petroli iliyokaa miezi mitatu kwenye kabureta huacha utando unaoziba tundu la jeti, na hapo utavuta kamba mpaka bega liume. Ukimaliza kuitumia, funga koki ya mafuta injini ikiwa inaunguruma, iache ijizimie yenyewe, kisha legeza skrubu ya chini ya kabureta umwage tone lililobaki.