Songs in the Key of Life: santuri yangu na CD yangu

CD nilikaa nayo miaka mingi kabla sijapata santuri, kwa hiyo masikio yangu yamelelewa na CD. Nalisema mapema, msije mkanihesabu na wale wanaodai bila santuri hakuna muziki.

Stevie Wonder, mwanamuziki wa Marekani, aliitoa albamu hii Septemba 1976: santuri mbili kubwa, kijisanturi cha inchi 7 chenye nyimbo nne za nyongeza, na kijitabu cha kurasa 24. Yangu ni ya mtumba. Muuzaji aliniambia, "Kaka, hii imekamilika, kagua mwenyewe." Nikakagua jalada, nikainamisha santuri kwenye mwanga kutafuta mikwaruzo, kijisanturi nikakisahau. Nafika nyumbani, hakimo. Basi wimbo wa Saturn na zile tatu nyingine bado nazisikiliza kwenye CD.

Na hapo ndipo CD inaponikera. CD ina diski mbili, na nyimbo hizo nne zimepachikwa mbilimbili mwishoni mwa kila diski. Another Star, wimbo wa kufungia albamu, inakwenda zaidi ya dakika nane, ngoma imekolea, watu wanaitikia, kisha inafifia. Kwenye santuri ndiyo mwisho. Unabaki na santuri inayozunguka bila wimbo. Kwenye CD hujakaa sawa, All Day Sucker hiyo imeshaingia. Wimbo si mbaya, ila umekuja wageni wameshaaga.

Besi ya mpiga gitaa Nathan Watts kwenye wimbo wa I Wish ndiyo iliyonifanya nisijutie hela yangu. Kwenye santuri ni nene, ya mviringo, unaisikia kifuani hata sauti ikiwa ndogo. CD yangu ni ya toleo lililosafishwa upya mwaka 2000: kila kitu kiko wazi, lakini kimesogezwa mbele mno, na nikimaliza diski ya kwanza masikio yamechoka.

Sir Duke ni kinyume chake kabisa. Ndio wimbo wa mwisho upande wa kwanza, karibu na lebo, na huko mfereji, ule mstari ambao sindano inaufuata, unapita chini ya sindano polepole kuliko ukingoni, ingawa mzunguko ni uleule. Sauti kali ndizo zinazoumia. Kwa sindano yangu ya bei rahisi, yale matarumbeta yanatoka na mchanga. Kwenye CD yanang'aa kama yalivyopulizwa.

Halafu kuna If It's Magic. Sauti ya Stevie, kinubi cha Dorothy Ashby na harmonika mwishoni, basi. Hakuna ngoma ya kuficha vumbi, kwa hiyo kila chembe inalia: pach, pach. Nimeiosha kwa maji safi, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, nikifuata mzunguko. Imepungua, haijaisha. Huu nausikiliza kwenye CD, usiku, bila aibu.

Kijitabu cha santuri nakisoma bila miwani. Cha CD herufi ni sisimizi.

Kama sindano yako ni ya kubahatisha, nunua CD. Kama mashine yako ni nzuri na unavumilia kuinuka kila baada ya dakika ishirini na kitu kugeuza, tafuta santuri, na uhesabu vipande kabla hujatoa pesa. Na kama kuna mwenye kijisanturi kilichobaki yatima bila jalada lake, tuzungumze bei.